Ngoma au Ilimba kwa Mzazi Anayeanza Ukubwani

Mzazi wa Bagamoyo anayetaka kujifunza ala ya muziki mara nyingi husita kati ya ngoma na ilimba, marimba ya vidole gumba ya Wagogo, ambayo marehemu mwanamuziki Hukwe Zawose aliifanya ijulikane mbali sana na mji huu alimoishi.

Kwa gharama, ngoma ina nafuu mwanzoni, kwani katika mafunzo ya kikundi aghalabu ngoma ni za mwalimu, ilhali ilimba inafaa uwe nayo nyumbani kila jioni.

Utunzaji ndio wenye mengi. Hewa ya bahari hulegeza ngozi ya ngoma, hata sauti ikafifia, na dawa yake ni kuianika juani au kuiotesha moto wa makuti kwa uangalifu, huku ukiigonga kwa kidole mpaka ilie vizuri. Ilimba haihitaji moto, lakini vyuma vyake hushika kutu kwa chumvi ya hewa hiyo hiyo, na kimoja kikisogea kidogo tu, sauti yake hupotoka. Anayeanza, ambaye sikio lake halijazoea sauti hizo, atahitaji msaada kukirekebisha.

Kwa maendeleo, ngoma humpa anayeanza furaha ya mapema, kwani kundi humbeba anapokosea. Ilimba humwacha peke yake na makosa yake (mimi binafsi napenda hivyo).

Mwenye mtoto mchanga anayelala saa mbili ataishukuru ilimba. Aliyechoshwa na upweke wa nyumbani, na mwenye jioni mbili huru kwa wiki, aende kwenye ngoma.