Kompyuta mpakato ya mtumba kwa mwandishi: anza na kibodi

Mwaka jana nilituma hadithi fupi kwa mhariri wa jarida moja. Ilihusu binti anayetunza barua ya mwisho ya mama yake kwa miaka kumi bila kuifungua. Barua moja tu, na uzito wote wa hadithi umo humo. Baada ya wiki tatu mhariri alinijibu kwa upole ulioniuma kuliko tusi: "Dada, barua ni ngapi? Ukurasa wa kwanza ni moja, wa nne ni nyingi, wa sita imerudi kuwa moja. Jifunze upatanisho kwanza."

Nikafungua faili. Alikuwa amesema kweli. "Barua yake ya mwisho" ilikuwa imegeuka "barua zake za mwisho". "Barua hiyo yote" ilikuwa "barua hizo zote". Mahali pengine, badala ya "yeye", palisomeka "zeze", kana kwamba binti wangu ni ala ya muziki. Ngeli nazijua. Nisichokijua ni kwamba kompyuta niliyoinunua Kariakoo miezi miwili kabla, kwa shilingi 480,000, ilikuwa imetumika Ujerumani kabla ya kunifikia.

Kibodi ya Kijerumani ina Z pale ilipo Y yetu, na Y pale ilipo Z. Muuzaji alibandika stika zenye herufi za Kiingereza juu ya vitufe, akaweka mpangilio wa Kiingereza kwenye Windows, lakini ule wa Kijerumani hakuufuta. Ukigusa Alt ya kushoto pamoja na Shift kwa bahati mbaya, jambo linalotokea mara nyingi ukiandika haraka, mashine inarudi Ujerumani kimyakimya. Stika inasema Y, kioo kinaandika Z. Mimi, kama wengi tuliojifunza kuchapa wenyewe, huangalia vitufe wala siangalii kioo. Asubuhi nilikuta "kayi", "myee" na "nzumba" zimepigiwa mstari mwekundu, nikadhani ni usingizi, nikazisahihisha moja moja. Yasiyopigiwa mstari nikayaacha, kwa sababu "za", "zake", "hizo" na "zote" ni maneno kamili ya Kiswahili. Kikagua tahajia hakina la kusema.

Hapo ndipo lugha yetu inapoumia kuliko nyingine. Anayeandika Kiingereza atakutana na "zes" na "zou", atashtuka hapohapo. Kiswahili kimesimama juu ya "ya" na "za". Kosa la kitufe kimoja linabadilisha umoja kuwa wingi na sentensi inabaki imesimama wima, safi, ya uongo.

Kwa hiyo humu sitazungumzia ukubwa wa kioo, kamera, wala kasi. Hayo utaambiwa na kila muuzaji kabla hujakaa. Mwandishi anayeanza anahitaji mashine inayoandika herufi aliyoibonyeza. Andiko la kwanza unalomtumia mhariri, au unalolipeleka kwenye shindano kama Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili (ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell), ndilo tangazo lako. Jaji haoni stika zako. Anaona kurasa tu.

Namba moja: ThinkPad T480

Naisema wazi, ThinkPad ndiyo ninayoipenda, na sijaona sababu ya kujifanya niko katikati. Jina hilo lilianza na IBM mwaka 1992, likahamia Lenovo mwaka 2005, na katika miaka hiyo yote kibodi imebaki kuwa kitu wanachokiheshimu. Vitufe vina kina, vina mgongo uliobonyea kidogo, kidole kinajua kimefika. Ukiandika maneno 2,000 kwa siku, mkono unautambua utofauti huo jioni.

T480 ni ya 2018. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa, kwa hiyo umeme ukikatika unaweza kubadilisha ile ya nje bila kuzima kazi. Lakini kilichoniuzia mimi ni hiki: kibodi yake inabadilishwa na fundi wa kawaida bila kung'oa mazaboodi, ule ubao mkuu wa ndani. Ukiipata nzuri kwa kila kitu lakini ina kibodi ya Kijerumani, usiikimbie. Ulizia bei ya kibodi ya Kiingereza, itoe kwenye bei ya mashine, kisha sisitiza ifungwe mbele yako kabla hujalipa. Mimi nililipa 620,000 pamoja na kibodi mpya, na tangu hapo barua yangu ni moja.

Hakikisha namba ya prosesa, baada ya kistari, inaanza na 8, yaani ni ya kizazi cha nane, mfano i5-8250U au i5-8350U. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi zilizotangulia kizazi hicho. Kasoro yake moja: kitufe cha Fn kimekaa pembeni kabisa mahali ulipozoea Ctrl. Kinabadilishwa kwenye BIOS, mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka; mwambie fundi akufanyie, dakika mbili.

Namba mbili: ThinkPad X270

Ndogo, ya inchi 12.5, inakaa kwenye mkoba wa kawaida. Anayeandikia kwenye mwendokasi au kwenye foleni ya hospitali ataipenda, na kibodi yake ni ya ukoo uleule. Inashika nafasi ya pili kwa sababu prosesa zake ni za kizazi cha 6 na 7, kwa hiyo habari ya Windows 11 inakuwa ngumu. Ukiwa na mtu wa kukuwekea Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, ichukue.

Namba tatu: Dell Latitude 5490 au 7490

Imara, vipuri vipo. Kibodi ni nzuri ila haina uhai. Kama umekosa ThinkPad, hutajuta.

Namba nne: HP EliteBook 840 G5

Hii utaiona kila duka, inang'aa, na ndiyo wauzaji wanaisukuma zaidi kwa sababu mwili wa alumini unapigisha picha vizuri. Sina ugomvi nayo. Kabla ya kununua, mpigie fundi wako umuulize kubadilisha kibodi yake ni kazi ya kiasi gani, halafu ndiyo uamue.

Usinunue: MacBook za 2015 hadi 2019 zenye kibodi ya kipepeo (butterfly)

Najua zinavyovutia. Lakini kibodi hizo zilikuwa na ugonjwa uliofanya Apple yenyewe itangaze mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018: chembe ya vumbi ikiingia, kitufe kinaandika herufi mara mbili au hakiandiki kabisa. Mpango huo ulidumu miaka minne tangu mashine iliponunuliwa mpya, kwa hiyo ya mtumba leo umeukosa. Sasa fikiria herufi inayojirudia kwenye Kiswahili. "Alikata" inakuwa "alikataa". "Alikufa" inakuwa "alikufaa". Umemuua mhusika kwenye sura ya tatu, msomaji anasoma kwamba alikuwa na manufaa. MacBook Air ya M1, ya mwishoni mwa 2020, haina tatizo hilo, ila bei yake ni ya mtu ambaye vitabu vyake vimeshaanza kuuzwa.

Za bei ya chini kabisa, zile ndogo zenye RAM ya GB 4 isiyoongezeka, naziruka. Ukiwa na pesa hiyo, nunua kibodi ya bluetooth uiunganishe na simu yako, uendelee kuweka akiba.

Unapofika dukani

Tazama kitufe cha Enter. Kikiwa kirefu cha kushuka mistari miwili, na Shift ya kushoto ikiwa fupi yenye kitufe cha ziada pembeni yake, mashine imetoka Ulaya. Si lazima iwe mbaya: ya Uingereza ina umbo hilohilo na herufi zake ziko sawa, utaijua kwa alama ya pauni juu ya 3. Zenye stika ndizo za kuchunguza. Bandua stika ya Y kwa ukucha uone chini kuna nini.

Muuzaji atakasirika. Wangu wa kwanza alinishika mkono. Hapa nina kinyongo na sikifichi: wanajua. Wanaagiza shehena kutoka Ujerumani na Austria, wanabandika stika, wanaandika "UK used" kwenye tangazo, na wanatuuzia kwa bei ya kibodi ya Kiingereza. Niliporudi na malalamiko niliambiwa waranti ni ya wiki mbili na haihusu "mambo ya lugha". Mambo ya lugha ndiyo kazi yangu. Stika zenyewe, kwa joto la Dar, zilianza kuteleza mwezi wa kwanza, na A ndiyo iliyotangulia kufutika, kwa kuwa ndiyo tunayoibonyeza kuliko zote.

Za Ufaransa na Ubelgiji nazo zipo, A imekaa pa Q na M imehamia pembeni ya L. Hizo angalau hazikudanganyi: "mama" inatoka ",q,q" na unajua hapohapo. Wasomaji wangu wa Bujumbura na Bukavu waliozoea mpangilio huo, AZERTY, tangu shule wataziona ni za kwao, wazichukue kwa amani.

Fungua Notepad, andika sentensi hii bila haraka: "Ng'ombe wa mzee yule aliyekataa kuuza zawadi za waziri wapo ng'ambo ya ziwa." Ina ng' yenye ritifaa yake, ina y na z, ina irabu pacha. Bonyeza Alt ya kushoto pamoja na Shift, iandike tena. Zima mashine, iwashe, iandike mara ya tatu. Zikitoka tatu zinazofanana, toa pesa.

Kama umeshanunua kama mimi, ingia kwenye mipangilio ya lugha ufute kila kibodi usiyoitumia, ubaki na moja. Kisha fungua kila ulichoandika tangu siku ya ununuzi, utafute "za", "zake", "zangu", "hizo", "zote" na "zeze", na kila penye neno hilo jiulize ulitaka kusema vingapi. Yangu ilinichukua Jumapili mbili. Nilizikuta barua arobaini na moja.