Nimeirudia The Shawshank Redemption, safari hii kwa sauti yake yenyewe

Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda cha video mtaani kwetu, ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Mtafsiri alikuwa fundi wa maneno na tulimpenda, ila hakuacha hata upenyo mmoja bila kuujaza. Nilitoka na kisa mkononi: Andy Dufresne, mtu wa benki, anahukumiwa mwaka 1947 vifungo viwili vya maisha kwa mauaji ya mkewe na hawara wa mkewe, anapelekwa gereza la Shawshank kule Maine, Marekani, na anashikilia kuwa hakuua.

Majuzi nimeitazama bila mtafsiri, dakika zote 142, usiku, peke yangu. Kumbe sikuwa nimeiona.

Kumbe msimuliaji ni Red, mfungwa mwenzake Andy! Morgan Freeman, anayemwigiza, anaongea taratibu kama mzee aliyekaa barazani akimkumbuka mwenzake, na kila Andy anachofanya tunakipata kupitia macho ya rafiki yake. Urafiki wenyewe unaanza kibiashara tu. Red ndiye anayejua kuingiza vitu kwa magendo, Andy anataka nyundo ndogo ya kuchongea mawe. Hawali kiapo cha undugu. Wanapeana muda, mwaka baada ya mwaka. Siku wanapaka lami paa, Andy anamsaidia askari katili kukwepa kodi ya urithi, na malipo anayoomba ni bia tatu kwa kila mfungwa mwenzake. Yeye mwenyewe hanywi. Anakaa kivulini anawatazama, anatabasamu.

Halafu kuna pale anapojifungia ofisini na kuweka santuri ya Mozart kwenye vipaza sauti. Uwanja mzima unasimama. Kibandani sikuusikia wimbo ule, maana mtafsiri alikuwa akieleza kinachoendelea. Red anasema hajui wale wanawake wawili wa Kiitaliano waliimba nini, wala hataki kujua. Mimi nilibaki na mkono mdomoni.

Lakini aliyenivunja ni mzee Brooks, mtunza maktaba anayeachiwa huru baada ya miaka 50. Red anasema kuta zile mwanzo unazichukia, kisha unazizoea, mwisho unazitegemea. Ilibidi nisimamishe filamu, nikanywa maji, ndipo nikaendelea.

Kasoro ipo: mkuu wa gereza ni mwovu mwanzo hadi mwisho, hana upande wa pili, na wenye haraka wataona inakwenda polepole. Ilitajwa kuwania Oscar saba, ikakosa zote, jambo linaloniuma hadi leo. Mwisho wake sigusi.

Ukiweza, itazame kwa sauti yake, na simu iwe mbali. Rafiki niliyekaa naye benchi moja kibandani siku ile sasa yuko Mwanza. Nimemwandikia: akija Desemba tunaiweka tena, na ikifika pale kwenye santuri tutanyamaza hadi wimbo uishe.