Kant au Hegel, wale wanafalsafa wa Kijerumani, uanze kusoma nani?

Kwenye maadili Kant yuko wazi zaidi: jiulize kama ungetaka kila mtu afanye unachotaka kufanya. Ila 1797 alishikilia kwamba hata muuaji akija mlangoni kumuulizia rafiki yako usimdanganye, na hapo ndo wengi wanamkimbia. Hegel anasema kanuni tupu haitoshi, wajibu unaukuta ndani ya familia, jamii na dola. Kwenye historia Hegel kaenda mbali zaidi, lakini inauma sana alivyoitoa Afrika nje ya historia, hilo usilimeze kabisa. Sanaa? Kant anaangalia uzuri unavyokugusa bila kutafuta faida, Hegel anaangalia kazi imebeba nini cha zama zake. Kama una uamuzi mgumu wa binafsi shika Kant, kama unasoma siasa au fasihi nenda kwa Hegel, ila tenga muda maana ni mgumu balaa.