Review: kliniki ya sheria ya bure iliyonisaidia kutengua CCJ (County Court Judgment, hukumu ya deni ya mahakama) ambayo sikuwahi kuijua

Ndugu zangu mlioko England na Wales (Scotland wana taratibu zao, hii haiwahusu), kama umekuta una hukumu ya deni mahakamani na hujawahi kuona hata barua moja, kabla hujampa mtu yeyote hela tafuta kliniki ya sheria ya bure. Mimi nimeitumia na nawapa nyota nne kwa tano. Jina la kliniki silitaji maana nafasi zao ni chache na wanapokea watu wa eneo lao tu, ila vituo vya namna hii vipo sehemu nyingi na pia kuna mashirika ya ushauri kama National Debtline na Citizens Advice ambao hawatozi kitu.

Ishu yangu ni ya kawaida sana. Niliomba mkataba wa simu nikakataliwa, nikaenda kuangalia ripoti ya mikopo (ya bure, hizi kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, Experian na Equifax na TransUnion, zinatakiwa zikupe bila kukutoza) nikakuta CCJ imekaa pale ya muda mrefu, deni la kampuni ya intaneti ya nyumba niliyokuwa nimehama, na mdai sio hata hiyo kampuni ni jamaa wanaonunua madeni. Karatasi zote zilienda anwani ya zamani.

Wengi tunadhani kuna jaji alikaa akasoma akaamua unadaiwa, hapana. Madai mengi ya hivi yanafunguliwa kwa mafungu kupitia kituo cha mahakama cha Northampton, hati inatumwa kwa posta, una siku 14 za kujibu (28 ukishawajulisha kwamba umepokea na unataka kujitetea) na usipojibu mdai anaomba hukumu anapewa, basi. Hakuna aliyepima ushahidi. Halafu inakaa kwenye rejista ya hukumu miaka 6. Ukilipa yote ndani ya mwezi mmoja inafutwa kabisa, ukichelewa inaandikwa tu kwamba imelipwa lakini bado inaonekana, sasa mtu aliyegundua baada ya mwaka na zaidi huo mwezi anautoa wapi? Hicho ndo kinachoniuma kwenye huu mfumo, unamuumiza zaidi yule asiyejua kuliko yule aliyejua akapuuza.

Kabla ya kliniki niliongea na kampuni moja inayojitangaza kwamba inasafisha rekodi. Walitaka hela mbele, wakaniahidi kwa uhakika itafutwa, na katika mazungumzo yote hawakuniuliza hata mara moja deni lenyewe ni la nini. Kliniki ilikuwa tofauti kabisa, yule dada aliyenipokea aliuliza kwanza vitu viwili: karatasi zilitumwa anwani gani na wanaokudai walijua nini kuhusu wewe kuhama, halafu je hili deni unalikubali au unalikataa na kwa sababu gani. Nikaanza kulalamika mimi sikujua sikujua, akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima kisha akaniambia ukweli ambao nadhani ndo thamani ya huduma nzima, kwamba kutojua peke yake mara nyingi hakutoshi.

Nieleze alivyonieleza maana hapa watu wengi wanapotea. Kuna njia mbili za kutengua hukumu iliyotoka bila wewe kujibu. Ya kwanza hukumu iwe imetolewa kimakosa, mfano mdai aliiomba kabla siku zako za kujibu hazijaisha au hati haikupelekwa inavyotakiwa kisheria, hapo jaji hana hiari lazima aitengue (kanuni ya 13.2 ya kanuni za mashauri ya madai). Ya pili ni hiari ya jaji (13.3), hapo uonyeshe una utetezi wenye nafasi ya kweli ya kushinda au sababu nyingine nzuri ya kusikilizwa. Sasa mtego uko kwenye anwani: sheria inaruhusu hati itumwe kwenye makazi ya mwisho yanayojulikana, kwa hiyo inaweza kuhesabika umepelekewa kihalali hata kama hukuiona. Lakini kama mdai alikuwa na sababu ya kuamini haukai tena pale, anatakiwa achukue hatua za maana kutafuta unapoishi sasa. Mimi nilikuwa na imeili niliyowaandikia kampuni ya intaneti kuwaambia nahama na anwani mpya hii hapa. Yule dada akasema nzuri itumie, ila usiegemee hapo tu maana walionunua deni watasema wao hawakuiona, jenga na utetezi wa deni lenyewe.

Na utetezi ulikuwepo, nilishasitisha mkataba na risiti ya kurudisha ruta ninayo. Aliniuliza pia deni ni la lini, kwa sababu deni la mkataba wa kawaida likipita miaka 6 bila malipo wala kukiri kwa maandishi kabla kesi haijafunguliwa, chini ya Limitation Act 1980 (sheria ya ukomo wa muda wa kushtaki) huo nao ni utetezi. Langu halikufika huko lakini kuna watu naamini wanalipa madeni ya hivyo bila kujua.

Kitu walichonisukuma sana ni haraka. Jaji anaangalia kama ulichukua hatua mara tu ulipogundua, ukikaa na hiyo habari miezi bila kufanya kitu unajiharibia hata kama una haki. Nikaomba Northampton nakala ya hati ya madai kwa namba ya kesi, na huku kliniki wananisaidia kujaza N244 (fomu ya kuiomba mahakama itengue hukumu) na kuandika taarifa ya ushahidi kwa mpangilio wa tarehe: nilihama lini, nilimwambia nani, niligundua vipi, deni nalikataa kwa nini, kila sentensi na karatasi yake nyuma. Waliandika upya malalamiko yangu yote ya hasira yakawa kurasa chache zinazosomeka na kwa kweli niliposoma ndo nikaona kesi yangu ina nguvu kiasi gani.

Ada ya mahakama inazidi paundi 300, sitaki nikudanganye ni kubwa, na kwa deni dogo inakatisha tamaa. Wao ndo walionionyesha fomu EX160 ya msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo au wanaopata baadhi ya benefiti, ile kampuni ya kusafisha rekodi haikugusia hilo kabisa. Pia walinishauri nimwandikie mdai kwanza, akikubali hukumu itenguliwe ada inashuka sana ingawa uamuzi bado ni wa mahakama. Wangu hakujibu. Na kama madalali wa mahakama wameshaanza kukufuata jua kwamba kupeleka N244 hakuwasimamishi, inabidi uombe wazi utekelezaji usimame mpaka usikilizwe.

Kwa mtu binafsi maombi yanahamishiwa mahakama ya eneo lako. Jaji alikuwa ameshasoma karatasi, akauliza maswali machache kuhusu ile imeili na risiti, hukumu ikatenguliwa. Hapo kesi haijaisha, inarudi mwanzo na unatakiwa ujitetee, na kliniki walikuwa wameshaniandalia rasimu ya utetezi tangu mwanzo. Baadaye mdai aliacha kesi mwenyewe, na kwenye rejista jina langu halipo tena.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu kupata miadi ni kugombania, na mtu wa kuingia na wewe mahakamani hawana, unaenda peke yako. Kwa mtu ambaye Kiingereza kinampiga chenga akiwa na woga hilo ni tatizo kubwa na natamani wapate uwezo zaidi.

Ukipata miadi nenda na namba ya kesi (ukiikosa kwenye ripoti tafuta kwenye TrustOnline, tovuti ya kuangalia rejista ya hukumu, wanatoza kidogo), uthibitisho wa tarehe uliyohama kama mkataba wa nyumba au bili ya council tax, na mawasiliano yoyote na kampuni ya mwanzo. Barua za mnunuzi wa deni kama unazo beba hata zile ambazo hukuzifungua, maana kabla ya kushtaki wanatakiwa wawe wamekutumia barua ya madai na kukupa siku 30 za kujibu, na kliniki watataka kuona ilitumwa wapi.