ULII, tovuti ya sheria za Uganda: inamfaa mwanamke mwenye kazi mpya na mimba changa?

Mwanamke anayeanza kazi huku ana mimba changa huwa na swali moja linalotangulia mengine yote: je, sheria inanitambua kuwa mfanyakazi tangu siku ya kwanza, au haki zangu za uzazi zinangoja nimalize kipindi cha majaribio? Hapa Malaba, mji wa mpakani kati ya Uganda na Kenya, ambako nimeajiriwa na kampuni ya uwakala wa forodha, swali hilo hupata majibu mengi yanayokinzana. Wenzetu wa upande wa Kenya husema likizo ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, maana ndivyo isemavyo Sheria ya Ajira yao ya 2007. Jamaa zetu wa Tanzania husema siku 84, na siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja. Kila mmoja anasema kweli kuhusu nchi yake, lakini hakuna hata moja kati ya majibu hayo linalomhusu mwanamke aliyeajiriwa upande wa Uganda.

Jibu nililipata kwenye tovuti ya ULII, inayohifadhi sheria za Uganda na hukumu za mahakama zake, na ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma bure. Hujisajili, hulipi ada, na hati unayoitaka unaweza kuipakua kwenye simu ukaisoma hata bando likiwa limekwisha. Naitathmini kama mtumiaji wa aina moja tu, yaani mjamzito aliye mgeni kazini, kwa sababu wakili au mwanafunzi wa sheria ana mahitaji tofauti kabisa na yangu.

Sheria ya kutafuta ni Sheria ya Ajira ya 2006. Ukiandika jina lake kwa Kiingereza kwenye kisanduku cha kutafutia utaipata bila shida, nayo imepangwa kwa sehemu na vifungu, hivyo unaweza kwenda moja kwa moja pale unapopataka. Kiini cha habari kimo katika kifungu cha 56. Kinampa mfanyakazi wa kike likizo ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili kwa sababu ya ujauzito wake, na kinataka angalau wiki nne kati ya hizo zije baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Nilikisoma polepole, mstari kwa mstari, nikitafuta sharti la muda wa utumishi: labda mwaka mmoja, labda miezi sita, labda mpaka mtu awe amethibitishwa kazini. Sharti la namna hiyo halimo. Aliyeajiriwa mwezi uliopita na aliyekaa miaka kumi wanasimama sawa mbele ya kifungu hicho.

Jambo hili lilinihusu moja kwa moja, kwa kuwa mkataba niliokabidhiwa ulikuwa na aya iliyosema kwamba likizo ya uzazi itatolewa kwa mfanyakazi aliyekwisha kumaliza majaribio. Aya kama hiyo ipo katika mikataba mingi, na wanawake wengi huitia sahihi wakiamini kwamba kwa kuwa imeandikwa na kupigwa muhuri, basi imewafunga. Sheria yenyewe inasema vinginevyo. Kifungu cha 27 kinabatilisha makubaliano yoyote kati ya mwajiri na mfanyakazi yanayoondoa masharti ya sheria hiyo, isipokuwa pale ambapo sheria yenyewe imeruhusu waziwazi, na kinaacha mlango wazi kwa makubaliano yanayomnufaisha mfanyakazi zaidi. Nilichapisha kurasa zenye vifungu hivyo viwili kwenye duka la fotokopi karibu na maegesho ya malori, nikavipigia mstari kwa kalamu, nikamwendea bosi. Nilimwambia, “Mzee, naomba tuiangalie aya hii pamoja, maana naona haipatani na sheria.” Alivaa miwani, akasoma, akamwita mhasibu naye asome. Aya ikafutwa kwa kalamu palepale, na sote wawili tukatia sahihi pembeni mwa ule mstari wa kufutia. Sidhani kama maneno yangu matupu yangefanya kazi hiyo. Karatasi iliyotoka kwenye tovuti inayoeleweka kuwa ni ya sheria za nchi ilimpa mzee huyo nafasi ya kubadili msimamo bila kuonekana ameshindwa na mfanyakazi mgeni, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote za huduma hii.

Naomba wasomaji wenye mimba changa wakirudie kile kipande kinachotaja mimba kuharibika. Mimba za miezi ya mwanzo hutoka mara nyingi kuliko tunavyozungumza, na desturi yetu ni kunyamaza: mwanamke hulala siku moja au mbili, kisha hurudi kazini akiwa bado anatoka damu, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa alikuwa mjamzito na yeye mwenyewe haamini kwamba ana cha kudai. Sheria inamwona. Haki ya likizo inatokana na ujauzito, nazo zile wiki nne za lazima zimeandikwa kwa ajili ya aliyejifungua na kwa ajili ya aliyepoteza mimba, bila kumbagua yeyote. Laiti jambo hili lingetangazwa kwenye kila kliniki ya wajawazito, kwa maana sijawahi kulisikia likitajwa kwenye mazungumzo ya kazini, hata miongoni mwa akina mama waliozaa mara nyingi.

Hesabu ya siku nayo inataka uangalifu. Siku 60 ni za kazi, hivyo urefu wa likizo hutegemea wiki yako ya kazi ikoje. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki atapumzika wiki 12, na anayefanya kazi mpaka Jumamosi, kama tulivyo wengi hapa mpakani, atapumzika wiki 10. Kwa hiyo kabla ya kupanga lini utaanza likizo, tazama mkataba unasema unafanya kazi siku ngapi. Kipimo cha kimataifa kilichowekwa na Shirika la Kazi Duniani katika Mkataba namba 183 wa mwaka 2000 ni wiki 14, kwa hiyo kwa vyovyote vile sisi bado tuko chini yake. Kifungu hicho hicho kinampa mama haki ya kurudi kwenye kazi aliyoiacha, au nyingine inayofaa yenye masharti yasiyo duni kuliko yale ya kwanza, mradi atoe taarifa ya angalau siku saba kabla ya tarehe anayokusudia kurudi, au muda mfupi zaidi kama hali inadai hivyo. Mwajiri akitaka cheti cha hali yako ya afya, cheti cha mkunga mwenye sifa kinakubalika sawa na cha daktari. Hilo ni jambo kubwa kwa sisi tunaohudhuria kituo cha afya cha karibu, ambako mkunga ndiye tunayemwona kila tunapokwenda.

Kasoro kubwa ya ULII kwa mtumiaji kama mimi ni kwamba inakuonyesha sheria lakini haikuunganishii vipande vyake. Mtu anaweza kusoma kifungu cha 56, akafurahi, akafunga simu, asijue kwamba mambo yanayoweza kumwokoa au kumwangusha yamewekwa mbali na hapo. Kifungu cha 75 kinasema kwamba mimba, au sababu yoyote inayohusiana nayo, si sababu ya haki ya kumfukuza mfanyakazi wala ya kumpa adhabu, na vivyo hivyo kuchukua likizo anayostahili au kukusudia kuichukua. Hiyo ni ngao nzuri. Lakini kifungu cha 71 kinampa haki ya kulalamika kwamba ameachishwa isivyo haki yule aliyefanya kazi mfululizo kwa angalau wiki 13, na kinataka malalamiko yapelekwe ndani ya miezi mitatu tangu kufukuzwa, ingawa aliyechelewa kwa sababu ya msingi anaweza kusikilizwa. Kisha kifungu cha 67 kinaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, yanayoweza kuongezwa kwa muda usiozidi miezi sita mingine endapo mfanyakazi amekubali, na ndani ya kipindi hicho mkataba unaweza kuvunjwa kwa taarifa ya siku 14 au kwa malipo ya mshahara wa siku saba. Ukivisoma vifungu hivi pamoja, utaona kwamba mwanamke aliye katika wiki za mwanzo za ajira ana haki ya likizo iliyo kamili, lakini ulinzi wake dhidi ya kuachishwa bado ni mwembamba. Hakuna kiungo wala maelezo kwenye ukurasa yanayomvuta msomaji kutoka kifungu kimoja hadi kingine. Inabidi usome sheria nzima, au uwe na mtu wa kukuelekeza.

Kutokana na usomaji huo, ushauri wangu ni kwamba mjamzito amjulishe mwajiri kwa maandishi na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa au iliyotiwa sahihi na aliyeipokea. Hakuna kifungu kinachomlazimisha mwombaji kazi kutangaza mimba kwenye usaili, wala tarehe maalumu ya kumweleza bosi baada ya kuajiriwa. Hata hivyo, atakayedai kwamba aliachishwa kwa ajili ya mimba atatakiwa kuonyesha kwamba mwajiri alijua, na barua yenye tarehe ndiyo inayosema. Katika kazi kama yetu kuna sababu nyingine ya kutosubiri: karani wa forodha huingia kwenye makontena yaliyofukizwa dawa ya wadudu na husimama kwenye foleni za ukaguzi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mimi niliomba nibaki dawatini na nyaraka, na nilikubaliwa.

Kuna jambo la namba za vifungu ambalo linaweza kumtatiza asiyejua. Sheria za Uganda zilichapishwa upya katika toleo la 2023 lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Katika toleo hilo Sheria ya Ajira imekuwa Sura ya 226, na namba za vifungu vyake zimesogea. Namba ninazotaja hapa ni zile za 2006, ambazo bado ndizo zinazotajwa katika mikataba mingi na katika hukumu za miaka iliyopita. Ukimwandikia mwajiri, taja ni toleo gani unalolinukuu, asije akafungua kifungu chenye namba hiyo akakuta habari nyingine kabisa.

Lugha ni tatizo la pili. Kila kitu ni Kiingereza, tena Kiingereza cha wanasheria chenye sentensi zilizojikunja. Katiba yetu imeitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua ifundishwe kwa lazima shuleni, lakini mwanamke wa Malaba, Bombo au Arua anayeongea Kiswahili kutwa nzima hana ukurasa hata mmoja wa sheria hii wa kujisomea. Tovuti haikulaumika peke yake, kwa kuwa kazi yake ni kuchapisha sheria kama Bunge lilivyozitunga. Bado naamini muhtasari mfupi wa Kiswahili wa vifungu vinavyohusu uzazi ungewafikia wanawake wengi kuliko kurasa zote zilizopo sasa.

Upande wa hukumu ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Hukumu za Mahakama ya Viwanda, inayoamua migogoro ya kazi, zimo, na ukisoma chache utaelewa jinsi majaji wanavyopima barua, tarehe na mwenendo wa pande zote mbili. Katiba ya 1995 nayo imo, na ibara ya 40(4) inamtaka mwajiri wa kila mwanamke ampe ulinzi wakati wa ujauzito na baada ya kuzaa. Niliinukuu katika barua yangu, kwa sababu watu huiheshimu Katiba hata pale wanapobishana na sheria nyingine.

Kwa yote hayo naipa ULII nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ningempa afisa wa kazi wa wilaya, ambaye huduma yake haina malipo na ndiye anayepokea malalamiko ya mfanyakazi kabla shauri halijafika Mahakama ya Viwanda. Niliyemwona mimi alinisikiliza kwa Kiswahili, akazipitia karatasi zangu, akanieleza jambo ambalo tovuti haisemi popote: mshahara wa likizo ya uzazi hapa Uganda unatoka mfukoni mwa mwajiri mwenyewe, wala hakuna mfuko wa NSSF (hifadhi ya jamii) unaomrudishia, na ndiyo maana kampuni ndogo huingiwa na hofu zinaposikia habari ya mimba. Alinishauri nimpe bosi tarehe ya kujifungua inayokadiriwa kwenye kadi ya kliniki mapema, ili kampuni ipange bajeti na ipate mtu wa kushika nafasi yangu. Kifungu cha 56 hakitaji ruhusa ya kwenda kliniki wala mapumziko ya kunyonyesha, kwa hiyo mambo hayo mawili inabidi yaandikwe kwenye mkataba au yakubaliwe kwa barua, na wakati mzuri wa kuyaomba ni huu wa mwanzo, mkataba ukiwa bado uko mezani.