Uzoefu wangu: kupanda Mnara wa Fischer nikiwa na kifundo kilichoteguka

Nimetumia huduma ya waongozaji wa kupanda miamba katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, Naivasha, nikiwa pamoja na marafiki zangu na nikiwa na kifundo cha mguu wa kushoto ambacho kilikuwa hakijapona sawasawa baada ya kuteguka. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wale walio katika hali kama yangu, wanaotamani kurudi kwenye mwamba lakini hawajui watapokelewaje. Huduma niliyopata ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia, na sababu kubwa ni uzito ambao mwongozaji aliupa mguu wangu tangu nilipomweleza.

Kabla ya safari nilikuwa nimeruhusiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye alinitaka nisimame kwa mguu mmoja, ninyanyue kisigino mara kadhaa, kisha nirukeruke papo hapo bila maumivu. Ruhusa yake ilikuwa na masharti: nipande kwa kamba iliyofungwa juu pekee, na nisiruke chini kutoka popote, hata kutoka kwenye jiwe linalonifikia magotini. Aliyewahi kupanda anaelewa kwa nini. Anayetangulia na kamba huweza kuporomoka mita kadhaa kabla kamba haijamdaka, na mara nyingi hugonga mwamba kwa miguu, ilhali aliyefungwa kwa kamba inayotoka juu huteleza kidogo tu, akabaki ananing'inia.

Tulichagua Mnara wa Fischer kwa ajili ya mguu huo huo. Mnara wenyewe ni nguzo ya mawe ya volkeno yenye urefu wa takriban mita 25, masalia ya lava iliyoganda ndani ya koo la volkeno ya kale, na ulipewa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Uko karibu na Lango la Elsa na barabara ya magari inapita kando yake, kwa hiyo sikulazimika kutembea mwendo mrefu juu ya mawe kabla ya kupanda. Wenzangu wenye uzoefu walikuwa wakizitamani zile kuta ndefu zilizo ndani zaidi ya mbuga, lakini walikubali kuziacha siku hiyo, na nawashukuru kwa dhati.

Mwongozaji aliniuliza niliumia vipi, ni upande upi wa kifundo unaouma, na kama naweza kushuka ngazi bila kushika ukuta. Kisha akautazama mnara kwa muda na kunichagulia njia isiyopita kwenye nyufa. Mwamba wa pale una nyufa nyingi za wima, na namna ya kawaida ya kusimama ndani ya ufa ni kuingiza mguu kiubavu kisha kuuzungusha hadi ubane. Kuzungusha huko ndiko kunakotonesha kano za upande wa nje wa kifundo. Njia aliyonipa ilikuwa na vikanyagio vipana vya kutosha ncha ya kiatu kutua ikiwa imenyooka, na nilipofika mahali ambapo mguu wa kushoto ulitakiwa kujipinda, aliniambia niubadilishe na wa kulia.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo watu wengi hawalifikirii. Kamba ya kupandia hutengenezwa ili ivutike inapobeba uzito, na kadiri kamba inayotoka kwa mpandaji, kupitia juu, hadi kwa mshika kamba aliye chini inavyokuwa ndefu, ndivyo inavyovutika zaidi. Maana yake ni kwamba hata kamba ikiwa imefungwa juu, mita chache za kwanza ndizo za hatari kwa mtu mwenye kifundo kibovu, kwa sababu hapo kamba bado ni ndefu zaidi, na akiteleza anaweza kufika chini kabla haijakaza. Mwongozaji alilijua hilo bila kuambiwa. Aliikaza kamba tangu unyayo wangu wa kwanza ulipoacha ardhi, kiasi kwamba nilihisi mkanda wa kiunoni ukinivuta juu, na hakuilegeza mpaka nilipovuka kimo cha watu wawili.

“Dada, mguu ukiuma ukiwa katikati, usivumilie,” aliniambia akikagua fundo langu la kamba lenye umbo la tarakimu nane. “Sema ‘shusha’, nakushusha hapo hapo.”

“Sawa, kaka.”

Sikulazimika kulisema neno hilo. Nilifika juu, nikakaa ukingoni mwa jiwe lenye kinyesi cha pimbi, nikaitazama mbuga na kuta zake nyekundu huku marafiki zangu wakishangilia chini. Kushuka ndiko kulikoniogopesha, kwani kutua kwa pupa ndiko kungeniumiza tena. Mwongozaji alipunguza mwendo nilipokaribia ardhi, karibu asimamishe kabisa, na rafiki yangu mmoja akanishika kiuno hadi nilipokanyaga kwa mguu wa kulia kwanza. Walifanya vivyo hivyo kila niliposhuka, bila mimi kuwakumbusha.

Kuna mambo yanayohitaji kurekebishwa. Viatu vya kukodi vilikuwa vya saizi chache, na mguu uliowahi kuteguka huvimba jua linapopanda. Kufikia adhuhuri kiatu cha kushoto kilinibana hadi nikaacha kupanda, nikabaki kuwashikia wenzangu kamba chini ya uangalizi wa mwongozaji. Baadhi ya kofia ngumu zilikuwa na mikanda iliyochakaa, nami niliomba kubadilishiwa yangu, wakanibadilishia bila maneno. Aidha, hakuna aliyetuuliza kuhusu majeraha wakati wa kupanga safari kwa simu. Maswali yale mazuri yalikuja tulipokuwa tumeshafika, na kwa mtu aliyeumia zaidi yangu hilo lingekuwa safari ya bure kutoka Nairobi.

Kuhusu malipo, kiingilio cha mbuga hulipwa KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, na ada ya mwongozaji pamoja na vifaa ni mapatano tofauti, kwa hiyo ulizeni mapema ni vifaa gani vimo ndani ya bei. Fikeni asubuhi, mwamba ukiwa bado na kivuli.

Jioni kifundo kilikuwa kimevimba kidogo, nikakiwekea barafu na kukiinua juu ya mto. Siku iliyofuata nilitembea kama kawaida, na fiziotherapia iliendelea bila mabadiliko. Kwa mwenye jeraha jipya, au asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja bila maumivu, siwezi kumshauri aende hata kwa mwongozaji hodari kiasi gani. Kwa aliyeruhusiwa na tabibu wake na mwenye marafiki walio tayari kufuata mwendo wake, naipendekeza huduma hii kwa moyo mmoja, ila abebe viatu vyake mwenyewe.