Uzoefu wangu na WhatsApp Business kwenye ofisi ya ushonaji

Fundi wangu wa kwanza alipoondoka, aliondoka na daftari la vipimo. Hakuiba, lilikuwa lake, tena limeandikwa kwa mwandiko anaouelewa mwenyewe: "kiuno kilekile, mkono punguza." Kilekile kipi? Ikabidi wateja waitwe kupimwa upya, na mama uliyemshonea miaka minne hapendi kuzungushiwa futi kama mgeni. Watatu hawakurudi.

Ndipo nikahamia WhatsApp Business, ile yenye alama ya B. Ni ya bure. Niliifungulia laini ya ofisi, siyo yangu. Sasa mteja akishapimwa, fundi anapiga picha karatasi ya vipimo na kumtumia mteja mwenyewe palepale. Nguo ikiisha, inafuata picha na sauti fupi: "bega la kushoto limeshuka, nimeweka pedi." Binti tuliyemchukua juzijuzi amewajua wateja wetu kwa kusikiliza sauti hizo huku anapiga pasi. Hilo sikulitarajia kabisa.

Lebo, yaani alama za kupanga mazungumzo ya wateja, zinaruhusiwa 20, mimi ninazo nne tu: kianzio, mezani, kujaribu, deni. Hiyo ya deni ndiyo naifungua kila asubuhi kabla ya chai.

Salamu ya kujiendesha nimeizima. Inamwendea mtu anayeandika mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14, na mimi kwa heshima zangu niliandika "Shikamoo, karibu." Kijana wa bodaboda akanijibu, "Marahaba mama."

Kasoro kubwa ni matangazo, yaani kutuma ujumbe mmoja kwa wateja wengi kwa pamoja. Ujumbe mmoja unafika kwa watu wasiozidi 256 kwa orodha moja, na anaupata tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akilipa kianzio, tunamwomba aisevu tukiwa tunamwona.

Kuna siku simu ya ofisi ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Nakala rudufu ya mazungumzo (backup) sikuwa nimewasha, uzembe wangu huo. Nilikaa chini nikiwaza lile daftari. Kisha nikarudisha laini kwenye simu nyingine, nikawapigia wateja mmoja mmoja wanirudishie picha za vipimo vyao. Wengi walikuwa nazo. Mmoja alituma yake akaongeza: "Ila kiuno weka inchi mbili zaidi, dada, mwaka huu nimekula vizuri."